Uzi wa Bwana Buibui

Kabla Buibui hajaanza biashara ya nyuzi, kijiji cha wanyama kilijaa nguo, na wanyama walitembea uchi. Kinyonga alibuni, Mchwa walifuma, Fisi aliuza kwa jumla, Kunguru kwa rejareja. Kila mmoja alimjua jirani yake tu.

Msimu mmoja Twiga alinunua skafu 2 badala ya 1, maana alikuwa na harusi. Kunguru akaona biashara imechanganya, akaagiza 20. Fisi, asije akaishiwa, akaagiza 100. Mchwa wakakesha wakifuma 1,000. Harusi ikapita, skafu zikaozea ghalani, lawama zikazunguka kijiji kizima. Kinyonga, ambaye hakuulizwa lolote, akabadilika rangi tu.

Ndipo Mzee Simba akamwajiri Mwalimu Sungura awafundishe. Sungura hakuja na kitabu; alikuja na Buibui. Uzi ukafungwa shingoni kwa Twiga, ukapita meza ya Kunguru, ghala la Fisi na kichuguu cha Mchwa, hadi tawi la Kinyonga.

"Mzee Twiga, hebu vuta."

Twiga akavuta. Tawi likatikisika, Kinyonga akashtuka, akawa mwekundu. "Kumbe shingo yako ndefu hivyo, mzee wangu?" Miaka yote alikuwa akimbunia kwa kipimo cha Swala.

Darasa likachangamka. Kila skafu ikachorwa mistari pembeni, minene na myembamba. Kunguru akiitupia jicho, uzi unatetemeka, na Mchwa wanajua imetoka 1, wanafuma 1. (Sungura, kwa kupenda kujionyesha, akawaambia kuwa wanadamu walianza mchezo huo wa mistari kwa pakiti ya jojo, dukani huko Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974. Fisi akauliza kama jojo humezwa.) Kinyonga naye akaacha kuharibu vitambaa vya majaribio. Alikivisha kivuli cha Twiga kivuli cha skafu, akapunguza hapa, akaongeza pale, ndipo akatuma vipimo kichuguuni.

Halafu Kima akaugundua uzi. Kima hanunui, Kima hushikashika. Alivuta uzi wa skafu za njano asubuhi, akavuta jioni, akavuta hata akisinzia. Mchwa wakafuma za njano usiku na mchana. Kinyonga, ambaye zamani alikuwa na rangi zake mwenyewe, akashinda wa njano mwezi mzima.

Mchwa walipokwenda kulalamika kwamba hawalali, Buibui aliwakaribisha vizuri tu katikati ya utando wake. Hajabuni, hajafuma, hajauza hata uzi wa skafu, lakini tumbo lilikuwa limeanza kutuna. Kwa kila mtikisiko alichukua punje ya mtama. Kunguru alipogoma kutoa punje 2, skafu zake zikahamishiwa nyuzi za nyuma kabisa, mahali ambapo hata Twiga, na shingo yake yote ile, haoni.

Mwisho wa muhula Sungura akatoa mtihani wa swali moja: mteja ni nani? Kinyonga aliandika Twiga. Mchwa waliandika Fisi. Kunguru aliandika Kima, akafuta, akaandika Twiga. Mtoto wa Buibui, aliyekaa dawati la nyuma, aliandika: "Ninyi nyote."

Sungura akampa mia kwa mia. Matokeo yakatumwa kwa Mzee Simba kwa njia ya uzi, na mshahara wa mwalimu ukakatwa punje 1.