Tunaomba Jileti Iteuliwe

Waheshimiwa mnaotuteua na kutusimamia,

Sisi ni watu wa kujitolea wa kijiji cha Kashuga, tunaosindikiza watoto wanaokinzana na sheria. Asante kwa ziara ya juzi. Mlifika saa tano, saa sita haijagonga mkawa mmeondoka. Katikati hapo tulivalishwa jileti, tukapigwa picha, kisha jileti zikahesabiwa na kurudishwa kwenye gari. Ni mara ya tatu sasa. Safari hii ilikosekana moja, tukapekuliwa sote, hata bibi mwenye mjukuu mgongoni. (Ilikuwa chini ya kiti cha dereva.)

Ndiyo maana tunaleta ombi: teueni jileti yenyewe.

Ile ya bluu, namba 7, ina sifa zote. Haisikii njaa. Haiombi pesa ya motari mpaka Mweso, wala haiulizi leo njia imefungwa na nani. Kiapo kitasumbua kidogo, maana jileti haina mikono ya kuinua. Lakini hata sisi mlituteua kwa makofi tu, chini ya mti wa avoka. Itundikeni kwenye msumari ofisini kwenu. Kila miezi mitatu igeuzeni, mpige picha ya mgongoni penye maandishi, usimamizi umekwisha. Ikifanya kazi vizuri, ipigwe pasi. Ikizembea, ikunjwe.

Tungeomba pia kalamu zenye wino. Na ile mahakama ya watoto ambayo Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, iliahidi katika kila teritwari na kila mji, mkikutana nayo njiani, msalimieni.

Mwezi uliopita mtoto aliwekwa kasho, yaani mahabusu, pamoja na wanaume, kwa ajili ya mbuzi aliyepotea. (Wenye kasho hubadilika huku kwetu, kasho ni ile ile.) Cheti cha kuzaliwa hana. Mama yake akahesabu kwa vidole: nilimzaa mwaka ule waasi wa M23 waliingia Goma mara ya kwanza. Yaani 2012. Alikuwa na miaka 13, na sheria hiyo hiyo ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hawajibiki kwa jinai. Tukawapigia simu. Mkajibu: tumeni rapoti. Rapoti! Mtoto analala juu ya simenti iliyolowa mikojo ya watu wazima, ninyi mnataka nakala mbili! Hamjamuuliza hata jina. Mlichouliza ni kama tulikuwa tumevaa jileti.

Mtusamehe. Mtu asiye na jileti hukosa adabu.

Rapoti tumeiambatanisha, nakala mbili kama mlivyoagiza. Mkikosa nafasi ya kuisoma, mambo ni haya: tulichanga, tukauza kuku wawili, mtoto akatoka siku ya tano. Mbuzi alikuwa ameonekana siku ya pili.