Usukani Unalia, Chini Kumelowa: Mwongozo kwa Wenye Magari Kuukuu wa Nzega

Usukani ukilia kama mbuzi anayepelekwa mnadani kila unapokata kona, na asubuhi pale gari lilipolala pana doa jekundu, pawa stelingi inavuja. Usikimbilie duka la spea. Usimpigie simu shemeji yako. Na tafadhali, usijaze kopo zima la oili ukafunga boneti ukaenda kunywa chai. Kujaza si kutengeneza. Nimeona Mark II zikinyweshwa kopo kila wiki mwaka mzima, na mwenye gari anaapa kwamba fundi ni ghali.

Tuanze na kilichomo ndani, maana mtu hawezi kubishana na fundi juu ya kitu asichokijua. Mkanda wa injini unazungusha pampu. Pampu inavuta oili kutoka kwenye kitanki, inaisukuma kwa presha kupitia paipu hadi kwenye reki ya stelingi, na presha hiyo ndiyo inayokusaidia kusukuma tairi. Kisha oili inarudi kitankini kwa paipu nyingine yenye presha ndogo. Mtambo mzima hubeba kama lita moja tu. Mhandisi wa Kimarekani, Francis Davis, alishauonyesha ukifanya kazi mwaka 1926, lakini watu walingoja hadi 1951 ndipo Chrysler ikauweka kwenye magari ya kuuzwa. Kabla ya hapo dereva wa gari la kawaida alikata kona kwa nguvu za mabega. Ndiko utakakorudishwa oili ikiisha: tairi zitakata, ila utajuta kuacha kula ugali. Uwanjani pale stendi utahema tu. Kwenye kona za Mlima Sekenke, ukitoka Igunga kwenda Singida, huku lori la Kigali likishuka upande wa pili, ni hatari ya kweli, na ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Sasa, ukifungua boneti pale mjini, washauri watajaa kabla hujaweka fimbo ya kuishikilia. Wa kwanza atasema, "Bosi, reki hiyo imekufa, tafuta ya used." Hajainama hata kidogo kutazama. Wa pili atasema weka oili ya breki, nayo si oili ni oili? Huyu mzuie kwa mikono miwili. Oili ya breki imetengenezwa kwa jamii ya glaikoli, na mipira ya stelingi imetengenezwa kukaa na oili itokanayo na mafuta ghafi. Zikikutana, sili zinavimba, zinalainika, zinaachia. Ulikuwa na tone moja kwa usiku, utapata kijito. Na ukishakosea hivyo, si kumwaga tu: ni kusafisha mtambo wote, na mara nyingi kubadili sili zote. Toyota nyingi za zamani zinatumia oili ya gia otomatiki, yaani ATF, ya aina ya Dexron, ile nyekundu. Honda wana oili yao. Kifuniko cha kitanki au kitabu cha gari kitakwambia, na kikisema hivi usiweke vile.

Washukuru wote kwa heshima, waambie "asanteni wakubwa zangu", kisha fanya kazi ambayo hakuna aliyeitaja: osha. Zima injini, iache ipoe, pitisha maji ya sabuni na brashi kwenye pampu, kitanki, paipu na reki, ukiikinga altaneta kwa mfuko wa plastiki. Vumbi la barabara ya Itobo na Bukene likichanganyika na oili ya miaka mitatu hufanya tope jeusi linalofunika kila kitu, na chini ya tope kila sehemu inaonekana imevuja. Vikikauka, paka poda ya mtoto kwenye maungio yote. Tandaza boksi safi chini, washa gari, mtu akae ndani azungushe usukani taratibu kushoto na kulia, wewe mulika tochi. Mikono kaa nayo mbali na mkanda. Na usipapase paipu ya presha kutafuta tundu kwa kidole: presha humo ndani huweza kupita mara ishirini ya ile ya tairi lako, na mchirizi mwembamba wa oili huweza kupenya ngozi. Ngoja tu. Poda nyeupe itaanza kugeuka waridi mahali pamoja, mstari mwembamba utatelemka kutoka hapo, na mabishano yote ya kijiweni yatakuwa yamekwisha.

Furaha ni pale inapoonekana kwenye klipu ya paipu ya kurudishia, au kwenye oringi pale pampu inapopokea oili. Klipu imelegea, mpira umekakamaa kwa joto. Ukikatwa kipande kidogo na klipu mpya ikafungwa, kazi imekwisha na hela ya sukari imebaki. Paipu yenyewe ikiwa imechoka, nunua ya kuhimili oili. Ile ya maji ya rejeta itayeyuka ndani kwa ndani. Paipu ya presha nayo haina mbadala wa mpira wa kawaida uliobanwa na waya, hata fundi akikuapia kwa jina la mama yake. Tafuta ya gari lako, na kwenye ile boliti yenye tundu dai washa mpya za shaba pande zote mbili.

Ikivuja kwenye shimo la shafti ya pampu, sili imekwisha, na mkanda unalowa. Usichelewe, kwani mkanda uliolowa huteleza, na kwenye magari mengi huo huo unachaji betri.

Reki ndiyo ya mwisho kuhukumiwa. Legeza klipu ya buti, lile pira lenye mikunjo mwisho wa reki. Ikimwagika oili, sili za ndani zimeachia. Tazama pia buti lenyewe: lililochanika huruhusu vumbi na maji, chuma kinapata kutu, kutu inakata sili. Kuweka sili mpya juu ya chuma chenye kutu ni kutupa hela, na hapo tu yule wa reki ya used anakuwa na hoja.

Baada ya matengenezo toa hewa. Jeki mbele, stendi imara chini, injini imezimwa: zungusha usukani pole pole mwisho hadi mwisho mara kadhaa, huku ukiongeza oili. Kisha washa, urudie. Oili ikitoa povu bado kuna hewa, zima uiache itulie. Usikandamize usukani ukiwa umefika mwisho, pampu inaumia.

Na kama safari ni leo na fundi ni kesho? Kilio bila doa huweza kuwa mkanda uliolegea tu, uangalie. Kama ni tone dogo, beba kopo la ATF sahihi, simama Puge utazame kabla ya kuendelea Tabora. Kwenye njia hizi hizi mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30 begani hadi Bagamoyo. Wewe na buti la gari lenye nafasi hiyo yote hukosi pa kuweka lita moja. Lakini oili ikidondokea ekzosi na moshi ukatoka, safari imeahirishwa. ATF huwaka moto, na wenzako uliowapakia hawajaja na ndoo.

Bei patana kabla spana haijagusa kitu, na mwambie fundi mapema, kwa upole, kwamba spea zote za zamani utaondoka nazo. "Hata oringi, mkuu?" Hata oringi. Anayejua kwamba ataulizwa sili iliyokatika iko wapi, ataibadilisha kweli.