Kama Nalipa, Nipewe Ufunguo

Tangu Eldoret itangazwe jiji Agosti 2024, wenye nyumba wa Kapsoya wamekuwa watu wa jiji. Mifereji imebaki ya kijijini. Wangu ulikuwa ukitoa upepo wiki nzima, nikalalamika, mwenye nyumba akaniambia nihame kama sipendi.

Sawa. Tuliketi mbele ya mzee wa mtaa tukaandikiana: natoka mwisho wa mwezi, malimbikizo nimemaliza, dalali asikanyage mlangoni. Tukatia sahihi, tukanywa chai. Maziwa yalikuwa yangu.

Mkokoteni haujafika Munyaka nilikohamia, mvua ikalidaka godoro. Bado nalianika, ujumbe ukaingia: "Mkataba wako ulikuwa hadi Desemba. Lipa kodi ya miezi iliyobaki. Mungu akubariki."

Yaani mtu anakufukuza, kisha anakudai kwa sababu haupo!

Jirani yangu mpya, karani wa wakili, aliisoma karatasi yetu akatikisa kichwa. Anasema ukipanga mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, mkaachana. Mkataba wa muda maalum ni shughuli nyingine. Mkipatana uhame, andikeni wazi kwamba kodi ya miezi iliyobaki imefutwa, na dipositi inarudi lini. Yetu ilitaja deni la nyuma. La mbele ikalinyamazia, na mwenye nyumba amepata mwanya wa kupenyeza mkono.

Nikauliza kama Sheria ya Kudhibiti Kodi haiwezi kunikinga. Akacheka. Hiyo hulinda nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kapsoya hii, kwa pesa hizo utapewa banda la kuku, na kuku atadaiwa dipositi.

Kinachonichoma ni kwamba juzi nilipita pale. Dirishani kwangu kuna mapazia mapya ya maua, na kwenye kamba nepi zimeanikwa. Chumba kimoja, kodi mbili!

Basi anishtaki. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, sisi ndio wateja wake. Nitamwambia hakimu kwamba niko tayari kulipa hadi Desemba, mradi nipewe ufunguo. Jioni nitakuwa naingia, nawasalimu wenye nepi, natazama taarifa ya saa tatu kwenye kochi lao. Chai watapika wao. Maziwa nilishatoa.