Namna ya Kuulaza Ukoo Mzima Katavi Bila Kugombana na Kiboko

Wakazi wengi wa Sumbawanga wamepita Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakiwa usingizini. Basi la Mpanda linateremka mlima wa Lyambalyamfipa, linakatiza hifadhi, abiria wameegemeza vichwa dirishani wakikoroma. Wakati huohuo, kilomita chache kutoka barabarani, kuna familia iliyopanda ndege kutoka Ulaya imeketi mbele ya hema inahesabu tembo. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na mpaka Mkoa wa Katavi ulipozaliwa mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Rukwa yetu. Jirani wa namna hiyo hasalimiwi kwa kupungiwa mkono kutoka kwenye basi.

Mwongozo huu ni wa familia ya Ufipa inayotaka kwenda kulala huko: baba, mama, watoto, bibi, na yule mjomba ambaye hakualikwa lakini begi lake limeshafungwa.

Kwanza, undeni kamati. Hakuna watu duniani wanaotuzidi kwa kamati. Harusi ya mtoto wa binamu ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kikao kila Jumapili, na pesa zinapatikana. Tumieni kipaji hichohicho. Kila mtu achangie kidogo kidogo tangu mavuno, na mweka hazina awe shangazi asiyekopesheka. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni, na mtoto chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Bebeni vitambulisho vya taifa, na salio liwe kwenye simu au benki, maana getini hawapokei noti. Kambi za kitalii zenye vitanda vya mbao na mablanketi mazito zinatoza ghali, lakini kuna viwanja vya kupiga kambi ambako mnasimika mahema yenu. Kinachokula fedha hasa ni gari. Noah ya mjini iacheni mjini. Kodini gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote, mgawane gharama. Hapo ndipo mjomba asiyealikwa anapokuwa baraka: naye achangie.

Pili, chagueni msimu kwa akili ya mkulima. Masika yakitawala, mbuga za Katavi ni tope na maji, na wanyama wametawanyika. Juni mahindi yanavunwa, shule zimefungwa, nyasi zinaanza kukauka. Anayeweza kusubiri Septemba au Oktoba atavumilia joto, lakini atalipwa: Mto Katuma unakuwa umebaki vidimbwi, na kila mwenye kiu hifadhini anajulikana atakunywa wapi.

Tatu, vaeni kwa ajili ya nchi mbili. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtoto anayeondoka alfajiri ya Juni bila sweta atalia mpaka Chala. Mbuga ya Katavi iko chini sana, karibu mita 900, na sweta hilohilo likifika kule ni adhabu. Bebeni vyote viwili. Ila rangi zichagueni kwa makini, kwa sababu mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Suruali mpya ya jinzi ya kijana wenu, aliyoinunua kwa ajili ya picha, ni mwaliko wa karamu. Mwambieni mapema, kwa upendo, avae kaki.

Na mbung'o mwenyewe muwe mmejifunza kumtambua. Anafuata gari linalotembea, anaingia dirishani bila kelele, anatua nyuma ya goti. Akipumzika, mabawa yake yamelala moja juu ya jingine. Ukimpiga kofi anaanguka, unashangilia, naye anainuka na kurudi palepale. Mbane, umsage kwa kidole. Katika nchi yetu mdudu huyu anaweza kuambukiza malale, kwa hiyo mikono mirefu ni lazima, na yeyote atakayepata homa baada ya safari aende hospitali na amweleze daktari alikotoka.

Nne, simamieni chakula cha shangazi. Atafungasha ugali wa ulezi, migebuka, maembe, ndizi na chungwa la njiani. Mshukuruni sana. Kisha hakikisheni hakuna hata ganda moja linaloingia ndani ya hema. Tembo ananusa tunda kutoka mbali, na turubai kwake si ukuta. Ngedere wanajua mifuko kuliko wachuuzi wa stendi. Chakula chote kilale ndani ya gari lililofungwa, na kibebwe kwenye vikapu na vyombo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Tano, wekeni sheria za usiku kabla jua halijazama, na mzisome kwa sauti. Zipu ya hema inafungwa mpaka chini kabisa. Kitundu cha upana wa vidole viwili kinamtosha nyoka. Haja ndogo inamalizwa mapema. Anayebanwa usiku amwamshe mzazi, na mzazi amulike kwanza pande zote kabla ya kutoa mguu. Kiboko hutoka majini gizani kwenda kula nyasi, na usiku mmoja anaweza kumaliza kilo 40. Mtamsikia akizikata karibu na kamba za hema, krrp, krrp, akipumua kwa kishindo. Hana ugomvi na ninyi, mradi msisimame kati yake na maji. Watoto watataka kucheka, wabaneni midomo. Spika ya mjomba ibaki Sumbawanga.

Sita, mpeni bibi kiti cha mbele. Jina Katavi linatokana na Katabi, ambaye masimulizi ya wenyeji yanamtaja kuwa mwindaji mashuhuri, na roho yake inaaminika kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu huacha sadaka pale wakiomba baraka. Mkipita, nyamazeni, na bibi asimulie anayoyajua. Watoto wataondoka na elimu ambayo hakuna kibao cha hifadhi kinachoweza kuibeba.

Saba, nendeni kwenye vidimbwi vya Katuma na mkae. Wakati wa kiangazi viboko hujazana kwa mamia, migongo imegandamana, tope limewakaukia mashavuni. Mmoja anageuka, kumi wanakoroma, mtoto wa kiboko anapanda mgongo wa mama yake ili asipondwe. Kingoni mamba wamejilaza ndani ya mapango waliyoyachimba kwenye udongo, wakisubiri mvua. Harufu itawakera kwa dakika chache, kisha mtaizoea. Msiwaharakishe watoto. Waacheni waulize.

Swali watakalouliza ni moja: mbona maji ni machache hivi? Hapo mtu mzima ajibu kweli. Kiangazi ni desturi ya Katavi, lakini ukavu wa Katuma umezidi kwa sababu huko juu watu wamekuwa wakiuzuia na kuuchepusha mto kumwagilia mashamba, hasa ya mpunga. Maji hayohayo yakipita Katavi na Ziwa Chada huingia Mto Kavuu, na Kavuu huenda Ziwa Rukwa, ambako wanatoka samaki tunaowanunua sokoni Sumbawanga. Mkulima anahitaji kula, na mto unahitaji kufika. Njia ya kugawana maji itapatikana kwa mikutano ya vijiji, bodi ya maji ya bonde na viongozi wanaoulizwa maswali, na muulizaji aliyeuona mto kwa macho yake hazungushwi kirahisi.

Nane na mwisho, mkirudi msivunje kamati. Pigeni hesabu, lipeni madeni, chagueni familia jirani ambayo haijawahi kwenda, muwape mweka hazina wenu kwa mkopo. Mchango wa kwanza uanze mwezi huohuo.