Kazi Iko Mkekani

Wanaodai kuwa vijana wa mtaani kwetu Mwisenge hawana ajira michezoni hawajapita kwenye vibanda vya mikeka ya kubeti Jumamosi mchana. Kila mmoja ni mchambuzi, mhasibu na mwekezaji wa kimataifa, tena bila tone la jasho. Ligi ya Finland anaijua hadi beki wa akiba. Kucheza mpira wenyewe kwa nini? Kunachafua viatu.

Tazameni walioshikilia ushamba wa kukimbia. Oktoba 2021, Biashara United, timu yetu ya Uwanja wa Karume, waliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 katika Kombe la Shirikisho Afrika. Marudiano Libya hawakufika: safari ilikwama, vibali vya ndege havijakamilika, CAF ikawaondoa. Msimu huohuo wakashuka daraja. Mkeka hauombi kibali cha anga. Unatua Tripoli kwa bando la jero, na ukichanika, wa kesho upo tayari.

Hata Nyerere, masikini, alianza shule hapahapa Mwisenge mwaka 1934, akahangaika na madaftari hadi Edinburgh. Siku hizi Edinburgh inaletwa kiganjani: klabu yake, Hearts, nyumbani, inashinda, zaidi ya magoli mawili.