Tamaa Sikati

Mtoto wa Ngamiani hali kwao peke yake. Asubuhi anaonja uji mlango wa pili, saa nne anakabidhiwa kipande cha andazi na mtu aliyekuwa anapita zake kwenda sokoni, jioni anarudishwa nyumbani mdomo unang'aa mafuta na hakuna anayejua ni mafuta ya nini. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu hapa Tanga, na ndivyo ningependa binti yangu alelewe. Ila binti yangu ana aleji ya karanga na ya maziwa ya ng'ombe. Waambie watu wa mji huu, ambako ng'ombe anafugwa hadi uani na maziwa yanasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kwamba mtoto wako hanywi maziwa. Watakutazama kwa huruma, kisha watauliza mama yake ni mtu wa wapi.

Karanga angalau zina adabu, zinajibu papo hapo. Kijiko cha kwanza cha uji wa lishe, ule wa mahindi, mtama, ulezi na karanga zilizosagwa pamoja, kilimvimbisha midomo kabla sijarudisha kijiko bakulini, na vipele vikamtapakaa mpaka nyuma ya masikio. Daktari alitueleza kwamba mwili wake unaichukulia protini ya karanga kuwa adui, unamwaga histamini, na ghasia yote hiyo huanza ndani ya dakika chache, isizidi saa mbili. Vipele vitupu, mpe dawa ya maji na kaa naye macho. Akianza kukohoa, kupumua kwa shida au kulegea, usitafute dawa ya nyumbani wala usimpigie shangazi: hospitali, mbio, akachomwe sindano ya adrenalini. Hilo tumelibandika jikoni kwa herufi kubwa, na halina utani.

Maziwa ndiyo yenye hila. Hayaleti vipele. Yanaingia kimyakimya, yanakaa, halafu kesho au keshokutwa ndipo tumbo linapoanza kusema, na hapo kila mtu amekwisha kusahau alimpa nini. Zaidi ya hayo, maziwa nyumbani kwetu yana tafsiri pana.

"Mama, leo amekula nini?"

"Chakula."

"Maziwa je?"

"Maziwa si umekataza? Nimpe ili iweje?"

"Na hiki cheupe kidevuni?"

"Mtindi."

"Mtindi ni maziwa, Mama."

"Yalikuwa maziwa juzi. Sasa ni mtindi."

Kwa hesabu za mama yangu, samli nayo si maziwa, ni mafuta. Aiskrimu ni barafu. Chai ya maziwa, jina lenyewe linasema, ni chai. Tulipomaliza kubishana juu ya hayo akaja na mbuzi, kwa hoja kwamba mimi mwenyewe nilitamka ng'ombe. Nikamweleza kuwa protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, hivyo mtoto anayedhurika na haya kwa kawaida hudhurika na yale. Akanyamaza kidogo, akasema mbuzi wa siku hizi wameharibiwa na kukaa na ng'ombe wa kizungu.

Hapa ndipo nepi za kitambaa zinapoingia.

Hatukuzichagua kwa sababu ya mazingira, ingawa wageni kutoka Dar wakituuliza huwa tunawaacha wafikiri hivyo. Binti ana pumu ya ngozi, pampasi zilimchubua mapajani, na bei ya pakiti ilituchubua sisi. Mke wangu akafungua sanduku, akatoa doti za kanga kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika, akaomba mkasi. Kanga iliyochakaa ndiyo nepi bora niliyoishika mkononi: inanyonya vizuri, inakauka upesi, na haimkwaruzi mtoto. Ubaya wake ni kwamba inaongea. Moja ilikuwa na jina linalojulikana pwani nzima, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, na mkasi ukapita katikati ya jina. Tukapata nepi ya JAPO SIPATI na nepi ya TAMAA SIKATI.

Hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa ameivaa siku alipoponyoka akaenda kusimama mbele ya karai la jirani anayekaanga maandazi, mikono nyuma, macho kwenye sinia, maandishi yote yakiwaelekea wapita njia. Jirani hakulaumika. "Sasa ningemnyimaje," aliniambia, "na ombi kalileta kwa maandishi?"

Andazi lile lilikuwa la tui. Najua kwa sababu nimekuwa kero katika hilo. Simpiti mkaangaji bila kumuuliza amekandia nini. Andazi la kwetu kwa asili ni la tui la nazi, lakini nazi ikipanda bei baadhi yao huchanganya maziwa, na hawatangazi. Kitumbua kimetuokoa mara nyingi, kwa kuwa mchele, tui, hamira na iliki havina ugomvi na mtu, alimradi mpishi asijitie ufundi wa kuongeza yai na maziwa. Kisamvu ndicho kitanzi. Kisamvu kinaweza kuwa na karanga na usizione hata ukikitazama kwa tochi.

Baba anayefua nepi uani ni sinema ya bure. Wiki za mwanzo kina mama walileta vigoda. Mmoja alinishauri niloweke kwanza kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha doa, na alikuwa na haki; mwingine akasema jiki kidogo tu, lakini kwa ngozi ya binti jiki ni marufuku, kwa hiyo kazi yote ya madoa tumeliachia jua, nalo linaifanya kwa uaminifu. Aliyeanika nepi ya njano saa tatu ataianua nyeupe alasiri. Siku hizi vigoda havitolewi tena. Ninaulizwa tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo kumetoka nini?"

Maana nepi ya kitambaa haifichi kitu. Pampasi unaikunja, unaitupa, na siri inakwenda nayo. Nepi lazima uifungue, uikung'ute, uisuuze, uitazame kwa macho yako, na ukishazoea unaisoma tu, ni gazeti. Mchicha hutoka ulivyoingia. Karoti haibadilishi rangi. Mbegu ya tikiti inaniambia alishinda mlango wa nne, kwa kuwa huku kwetu hatujanunua tikiti tangu Ramadhani. Na ukikuta ute wa kijani wenye harufu ya kuchachuka, kuna mtu jana au juzi alimpa maziwa na ameapa hakumpa. Sipigi kelele. Naisuuza, naianika, halafu napita mlango kwa mlango nikitoa salamu ndefu kupita kawaida. Mwenye hatia huwa ndiye anayenikaribisha chai.

Tuliambiwa pia tuangalie damu, kwa sababu utumbo wa mtoto mwenye aleji ya maziwa unaweza kuvuja damu kidogo. Asubuhi moja nikafungua nepi nikakuta wekundu ambao nepi haipaswi kuwa nao. Sikumaliza kufunga vifungo vya shati. Bajaji ilitufikisha zahanati nikiwa nimeishika nepi ndani ya mfuko kama ushahidi wa mahakamani, nikamkabidhi nesi kwa mikono miwili. Akaitazama, akamtazama binti, akamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa mwekundu mpaka kooni.

"Ubuyu," alisema nesi, akaita anayefuata.

Nani alimpa mtoto wa mwaka na nusu ubuyu wa rangi, wenye mbegu inayoweza kumkaba, hilo nimeliulizia mtaa mzima. Vidole vyekundu vilipatikana kwa watoto saba. Nikaacha upelelezi.

Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, hali hubadilika. Jua linakwenda likizo, nepi zinaning'inia sebuleni, chumbani, juu ya baiskeli, na mgeni akiingia inabidi ainame mara tatu kabla hajafika kwenye kiti. Huwezi kumvalisha mtoto nepi mbichimbichi ukasema itakaukia mwilini, si kwa sababu ya baridi, bali kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, na mabuu yake yakigusana na ngozi huingia ndani na kutengeneza jipu lenye mkazi. Dawa ni pasi ya moto, pande zote mbili, hasa kwenye mapindo. Basi tunapiga pasi nepi. Ninakwenda kazini na shati lililokunjamana, huku binti yangu ana nepi yenye mistari ya pasi ya mwanajeshi. Uniti za LUKU zinakimbia, umeme ukikatika tunawasha pasi ya mkaa, na mara moja cheche iliruka ikatoboa nepi ya JAPO SIPATI, ikabaki JAPO SIPA.

Kufunga nepi nako kuna elimu yake. Pini ya usalama aliisajili Mmarekani Walter Hunt mwaka 1849, kisha akauza haki zake kwa dola 400. Nashuku hakuwahi kumfunga nepi mtoto wa mwaka na nusu anayejua kujigeuza ubavu hewani, la sivyo asingeiita ya usalama. Ninayemheshimu ni Marion Donovan, mama wa Kimarekani, ambaye katika miaka ya 1940 alichoka kubadilisha mashuka yaliyolowa, akachukua pazia la bafuni akalikata, akashona kifuniko cha nepi kisichopitisha maji. Mtu anayekata pazia la bafuni, huyo kalala na mtoto anayekojoa. Nailoni zetu za sokoni ni wajukuu wa pazia lile, na zinafanya kazi vizuri mpaka lastiki ilegee.

Lastiki ya kwetu ililegea kwenye maulidi ya jirani, katikati ya watu, baada ya pilau. Hakuna aliyesema neno, watu wa pwani wana staha. Ila mzee mmoja alinyanyuka akaenda mlangoni kukagua viatu vyake. Akafuata wa pili. Baada ya muda nusu ya hadhira ilikuwa barazani inageuzageuza makubazi, na mimi nimemkumbatia binti kifuani nikitikisa kichwa pamoja na wengine, nikishangaa nani kakanyaga nini.

Mama yangu kwa muda mrefu aliiona aleji kuwa ugonjwa wa wenye friji. Nikamsomea habari za watafiti wa London waliotoa matokeo yao mwaka 2015. Walichukua watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, wengine wakawalisha karanga mapema, wengine wakawakataza kabisa. Walipofika miaka 5, waliolishwa ndio waliopata aleji kidogo zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Kabla ya hapo, mwaka 2000, madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mtoto aliye hatarini asionje karanga mpaka atimize miaka 3.

"Kwa hiyo wamekaa miaka yote hiyo," alisema Mama, "ndipo wajue kwamba uji wa lishe ni mzuri?"

Nikamwambia ndiyo, lakini huo ni mpango wa kukinga. Mtoto ambaye aleji imekwisha kumshika huwezi kumlisha karanga nyumbani kwa kubahatisha. Akasema hayo yote yangeepukika kama wangekuja kuuliza.

Aliyembadilisha Mama si mimi wala London. Ni binti mwenyewe, alipoanza kusema. Maneno yake ya kwanza yalikuwa maji, paka, na "leji." Alikuwa ameona kwamba kila neno hilo linapotamkwa, mikono ya watu wazima inarudi nyuma, naye akaliweka akiba. Akalijaribu kwenye mchicha: "Leji." Mchicha ukaondolewa ili tuulize. Akalijaribu kwenye kuoga, kwenye kulala, kwenye mtoto wa jirani aliyemwomba mdoli. Juzi, siku ya khitma ya jirani wa upande wa pili, nilitandaza TAMAA SIKATI ikiwa bado ina joto la pasi, akarudi nyuma hatua mbili, akainua kidole.

"Leji!"

Mama yangu, aliyekuwa amekwisha kuvaa kanga yake mpya kwa ajili ya khitma, akasimama. "Umemsikia mtoto? Kasema mwenyewe. Mwache."

"Mama, hakuna aleji ya kanga."

"Kwani wewe daktari?" Akamnyakua, akamkalisha mapajani kwake hivyo hivyo bila nepi, akaanza kumwimbia.

Nikaenda kuchukua ndoo. Niliporudi, kuimba kulikuwa kumekoma. Mama alitazama chini kwenye kanga yake, akanitazama mimi.

"Haya, njoo usome," alisema. "Utuambie kala nini."