Jinsi ya Kudaka Pesa Inayorudi: Mwongozo kwa Watu wa Duara na wa Mshahara

Marekani na Ulaya kuna kadi ya mkopo inayokurudishia sehemu ya ulichotumia. Unanunua vitu vya laki moja, benki inakurudishia elfu moja au mbili, na watu wanashindana kutafuta kadi inayorudisha zaidi. Huku kwetu Tanzania, kuanzia Kahama hadi Katoro, kadi ya namna hiyo wanayo wachache. Kadi zetu nyingi ni za kutolea pesa yetu wenyewe. Hata hivyo pesa inayorudi ipo, na inamfaa mama lishe wa Rwamgasa, kijana wa karasha wa Nyarugusu na mwalimu wa Maganzo kwa kiwango kile kile, ilimradi wajue inapita wapi.

Kwanza jua pesa yako ni ya aina gani. Mwenye mshahara ana tarehe. Mtu wa duara, yaani wa shimo la mchimbaji mdogo, hana. Mnahangaika wiki nzima kuvuta maji shimoni, mfadhili analeta unga na dizeli na kuandika kila kitu, na siku mwamba ukikubali mnagawana mifuko ya mawe. Mfuko wako unaupeleka karashani, kwenye mashine ya kusagia mawe, unasubiri zamu, unalipia kusaga, unaosha, unachoma, ndipo unakwenda sokoni na punje ya dhahabu iliyoviringishwa kwenye kipande cha karatasi. Nenda soko la madini, usimuuzie mtu wa chini ya mwembe. Soko la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili mchimbaji mdogo apimiwe kwa mizani ya wazi, na mwaka huo huo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5. Hakuna bonasi ya kadi yoyote duniani itakayokurudishia unachopunjwa kwenye mizani mbovu.

Pesa isiyo na tarehe isifungwe kwenye deni lenye tarehe. Kadi ya mkopo inamlipa vizuri mtu anayemaliza deni lote kabla ya siku ya mwisho. Akipitisha siku hiyo, riba inakula bonasi yote na kuomba nyongeza. Fundi wa mgodi mkubwa anaweza kuicheza hesabu hiyo kila mwezi. Anayesubiri mwamba ukubali asiiguse, hata aahidiwe nini.

Sasa tuje kwenye simu, maana ndiko pesa yetu inakoshinda. Mwaka 2014 Tigo Pesa iliwagawia wateja wake wapatao milioni 3.5 shilingi bilioni 14.25. Ilikuwa faida iliyokusanyika benki kutokana na salio la wateja wenyewe. Gawa mwenyewe: wastani wake ni kama shilingi 4,000 kwa mtu. Mimi nililipenda jambo lile, kwa sababu mwenye pesa alipata cha kwake bila kuomba. Lakini iweke hiyo elfu nne karibu na bango la makato lililobandikwa kwa wakala, uone ni mara ngapi unatoa pesa kabla elfu nne haijakwisha. Gawio linakuja kwa matone, makato yanaondoka kwa ndoo.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kurudishiwa ni kutokatwa. Sisi tumezoea kusema, "Nitumie na ya kutolea." Kaka yuko Mwakitolyo, anamtumia mama Shinyanga mjini elfu hamsini na ya kutolea juu yake. Mama anakwenda kibandani kuitoa, anavuka barabara, anaingia dukani kununua mchele na mafuta. Duka lile lina Lipa Namba ukutani! Angelipa kwa simu pale pale, makato yangekuwa madogo au yasingekuwepo kabisa kutegemea mtandao, na ile ya kutolea ingenunua sukari. Mfundishe mama. Mfundishe na muuza duka, kwa upole, kwa sababu wengine wanaona taabu kupokea kwa simu mpaka waone jirani anapokea. Julai 2021, tozo ya serikali ya kati ya shilingi 10 na 10,000 ilipoingia kwenye miamala, nchi nzima ililalamika na mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kelele zile zilikuwa za haki. Ya kutolea tunayojikata wenyewe kila siku inastahili kelele hizo hizo.

Benki nazo zina zawadi zao. NMB wamekuwa wakiendesha kampeni ya MastaBata, ambapo wanaolipa kwa kadi na kwa kuskani msimbo wanaingia kwenye droo za fedha taslimu. Ikiwepo, ingia, hakuna ubaya. Ila lipia kile ulichokuwa unakwenda kununua tangu asubuhi. Anayeongeza soda na biskuti ili apate nafasi ya pili kwenye droo tayari ameshalipa kiingilio.

Hapa ndipo nataka tukae. Katika mikoa yetu kuna mkopo mwingine wa kadi, na unawaumiza walimu, wauguzi na walinzi. Mkopeshaji wa kausha damu anakupa laki mbili, anachukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi anakwenda kwenye mashine ya kutolea pesa na bunda la kadi lililofungwa mpira, kila kadi na kipande cha karatasi chenye tarakimu nne. Anatoa moja baada ya nyingine huku foleni ikimsubiri. Akikutoza asilimia 20 kwa mwezi, laki mbili inadai 40,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, na hiyo ingekuwa 7,000. Tofauti ni 33,000, mwezi mmoja tu. Kadi ya kule ughaibuni inayorudisha asilimia moja ingetaka ununue vitu vya milioni tatu na laki tatu ili ikupe kiasi hicho.

Kama kadi yako iko kwenye bunda lile, kachukue kitambulisho chako cha taifa, nenda tawini, ifungiwe na utengenezewe nyingine yenye namba mpya ya siri. Kadi ni ya benki na namba ni siri yako, hakuna mkopeshaji mwenye haki ya kuzishika. Deni linabaki deni na dawa yake ni kulipa, kwa hiyo siku hiyo hiyo mwandikie kwa karatasi utakavyolipa na umwombe leseni yake uione. Na kwenye simu, kabla hujapakua programu ya mkopo wa dakika tano, tazama orodha za Benki Kuu. Novemba 2024 ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Zile zinazosoma majina kwenye simu yako na kuwatumia shemeji zako ujumbe wa kukuaibisha, zifute leo. Huduma ya kukamilishia muamala kama Songesha ni halali, lakini ada yake inaongezeka siku zinavyopita na inajilipa yenyewe pesa ikiingia. Tumia kwa dharura, lipa kesho yake.

Riba utakayolipa inakwenda kwa nani? Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kukopa, na jibu zuri kuliko yote liko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hisa zinagongwa mhuri kwenye vitabu mbele ya wote. Unakopa elfu sitini, unarudisha na riba, na Desemba mkivunja sanduku na kugawana, riba ile inarudi kwenu kwa hisa zenu. Mwenzenu akichelewa kulipa akatozwa faini, nayo faini inarudi. Sijaona kadi yenye huruma hiyo. Kisajilini kikundi halmashauri, na mkiwa wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ombeni mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hauna riba kabisa, na ulirejeshwa Julai 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Andikeni mradi unaoeleweka, mfano kuuza vyakula machimboni au kukodisha pampu, kisha mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Siku ya kuvunja, jipangieni mapema. Sare na madaftari ya Januari yanunuliwe wiki hiyo hiyo, kwa Lipa Namba, na hisa ya kwanza ya mwaka mpya iingie sandukuni kabla watu hawajainuka kwenye viti.